Barua ya wazi kwa wanaotuajiri kwa miezi mitatu mitatu

Kwa: Wakurugenzi Watendaji na Wakuu wa Idara za Rasilimali Watu wa kampuni zinazotumia wafanyakazi wa muda maofisini, Dar es Salaam, na Wamiliki wa mawakala wanaotupeleka huko.

Nakala: Kamishna wa Kazi.

YAH: MALIPO, MIKATABA NA MAZINGIRA YA KAZI YA WAFANYAKAZI WA MUDA WA OFISINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wale mnaotuita "watu wa wakala". Tunakaa mapokezi na masjala, tunaingiza data, tunapokea simu, tunapanga ankara za wasambazaji, tunashika meza ya karani aliyekwenda kujifungua. Malalamiko yaliyomo humu si mageni kwenu. Yameshafikishwa kwa wasimamizi wa idara na kwa maofisa wa mawakala, kwa barua pepe na kwa mdomo, na jibu limekuwa lile lile: kampuni inasema tumuulize wakala, wakala anasema anasubiri kampuni. Danadana imetosha. Safari hii tunawaandikia pande zote mbili karatasi moja, hadharani, ili kila upande usome kile ambacho mwenzake anaambiwa.

Kwanza tuwape haki yenu. Kazi ya muda ina mahali pake. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lazima awepo mtu wa kushika meza hiyo. Kufunga hesabu za mwaka, kuhesabu mali stoo, kuhamisha mafaili ya karatasi kwenda kwenye kompyuta, hizo ni kazi zenye mwanzo na mwisho. Kijana aliyetoka chuo akipita ofisi tatu au nne anajifunza programu za uhasibu ambazo hakuwahi kuziona darasani, anajua ankara inavyotembea kutoka mezani hadi benki, na wapo waliopata ajira ya kudumu kupitia mlango huo huo. Zipo pia kampuni na mawakala wanaolipa kwa tarehe bila kukumbushwa. Hao wanajijua, na barua hii haiwagusi. Hatuombi kazi ya muda ifutwe. Tunaomba ijulikane nani ni mwajiri wetu kwa lipi, na kwamba huyo anayejulikana awajibike.

Hoja zetu ni hizi.

1. Mshahara unaosubiri ankara

Utaratibu mnaujua, ila tuuandike. Karatasi ya mahudhurio hufungwa tarehe 20 au karibu na hapo. Msimamizi wa idara huisaini, Rasilimali Watu hugonga muhuri, wakala huichukua na kuandaa ankara. Ankara ikipokelewa uhasibu huanza kuhesabiwa siku 30, kwingine 45. Wakala mwenye mtaji hulipa watu wake mwisho wa mwezi, fedha zake akazisubiri baadaye. Asiye na mtaji husubiri kampuni imlipe kwanza, na ndiyo maana mshahara wa Machi huonekana benki mwezi Mei.

Hapo tunazungumzia mambo yakienda sawa. Yakiharibika, huharibika kwa vitu vidogo sana. Msimamizi amesafiri na hakuna aliyekaimishwa saini. LPO, yaani hati ya kampuni ya kuagiza huduma, imeisha salio kwa sababu mtu aliongezewa wiki mbili kwa mdomo na hakuna aliyekumbuka kuiongeza. Jina kwenye karatasi ya mahudhurio ni Mwanaidi, kwenye orodha ya wakala ni Mwanahidi. Uhasibu unarudisha ankara yote, na watu 14 wanakosa mshahara kwa herufi moja.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri alipe mshahara siku ya malipo iliyokubaliwa. Hakisemi "siku mteja wa mwajiri atakapolipa". Ankara ni biashara yenu ninyi wawili. Mwenye nyumba wa Mbagala hapokei ankara.

Dawa yake haihitaji mtaalamu. Ankara igawanywe mbili: moja ya mishahara na michango ya kisheria, ilipwe ndani ya siku 7, nyingine ya ada ya wakala, ikae hizo siku 30 au 45 mlizokubaliana. Kosa la jina moja lirudishe mstari mmoja, si ankara nzima. Kila idara iwe na watu wawili wenye ruhusa ya kusaini mahudhurio, na saini kwa barua pepe ikubalike.

2. Bei ya kichwa ambayo haiwezi kutosha

Hapa tunaomba mkae na kikokotoo. Chukueni karani mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Anakatwa asilimia 10 ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani 40,000. Zinazobaki 360,000 ndizo zinazoangaliwa kwa PAYE, kodi ya mshahara: 270,000 za kwanza hazitozwi, 90,000 zinazozidi zinatozwa asilimia 8, yaani 7,200. Mkononi anapata 352,800.

Upande wa mwajiri kuna NSSF 40,000 nyingine, SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ya asilimia 3.5 ambayo ni 14,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5 ambayo ni 2,000. Jumla ya gharama ni 456,000. Hapo wakala hajajilipa hata senti, VAT haijaguswa, na likizo haijatengewa kitu. Sheria inahesabu likizo kwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi, kwa hiyo karani huyu anahitaji kutengewa zaidi ya 30,000 kila mwezi.

Sasa zabuni ya wakala ikishinda kwa 440,000 kwa kichwa, yaani kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, kila kitu ndani, ile tofauti inatoka wapi? Mkuu wa Rasilimali Watu aliyesaini anajua hesabu hii kuliko sisi. Sisi tunajua tu inakoishia. Kuna hati za mshahara zinazoonyesha makato ya NSSF kila mwezi, lakini mwanachama akiangalia taarifa yake ya michango hakuna kilichoingia. Kuna wanaokatwa asilimia zote 20, sehemu yao na ya mwajiri. Kuna hati zenye mstari wa makato ya Mfuko wa Fidia, wakati mchango huo ni wa mwajiri peke yake na haupaswi kugusa mshahara wa mtu. Na kuna ujanja wa kuandika mshahara wa msingi 250,000 na "posho" 150,000. Mtu anaona 400,000 ile ile na kufurahi, kumbe malipo ya saa za ziada, ya likizo na kiinua mgongo vyote vinahesabiwa kwenye msingi, na msingi umepunguzwa kwa zaidi ya theluthi.

Pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Anayechangiwa miezi 12 kila mwaka anaifikia kwa miaka 15. Anayechangiwa miezi 10, kwa sababu ya mapengo tutakayoyaeleza sasa hivi, anahitaji miaka 18. Asiyewasilishiwa kabisa hafiki, hata akipauka nywele kwenye kiti cha mapokezi.

3. "Kupumzishwa" wiki mbili

Mkataba wa miezi mitatu unaisha Ijumaa. Jumatatu meza ipo, simu zinaita, kazi haijapungua, ila mtu amepumzishwa bila malipo. Baada ya wiki mbili anaitwa kusaini mwingine. Katikati ya mapumziko hayo anapokea ujumbe: "Mambo, samahani, ile faili ya maombi ya Machi uliiweka folda gani?" Anajibu, maana asipojibu hataitwa.

Tukiuliza sababu tunaambiwa ni matakwa ya sheria. Tumeisoma sheria na hayo matakwa hatukuyaona. Tuliyoyaona ni haya. Kifungu cha 35 cha Sheria ile ile ya Ajira na Mahusiano Kazini kinawanyima ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali wale tu ambao hawajatimiza miezi 6 kwa mwajiri yule yule, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Kifungu cha 29 kinasema mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 hana likizo ya malipo, lakini kinaongeza kwamba aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yule yule anayo, ikiwa jumla ya vipindi vyake imezidi miezi 6. Kwa maneno mengine, lile pengo mnaloliweka ili kukata hesabu halikati hesabu. Mtu akishaingia mkataba wa tatu ndani ya mwaka huo, siku zake 28 za likizo zimeanza kudaiwa kwa uwiano wake, na mkataba kuandika kwamba hana likizo hakubadilishi kitu. Mnamkosesha mtu mshahara wa wiki mbili bila ninyi wenyewe kupata mlichokitafuta.

Wapo waliogundua hilo, wakaja na mbinu nyingine: kubadili wakala. Meza ni ile ile na msimamizi ni yule yule, ila mkataba una nembo mpya na miezi inaanza kuhesabiwa kwenye sifuri. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote. Tunawakumbusha kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinachoeleza lini mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kinauliza nani anaongoza kazi yake, nani anapanga saa zake, nani anampa vitendea kazi, kama ni sehemu ya taasisi hiyo, kama anamtegemea mtu huyo kiuchumi. Yajibuni maswali hayo kwa yule dada wa mapokezi yenu, mkitazama fulana aliyovaa imeandikwa jina la nani.

Na mkitaja marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025, tunayajua pia. Yameongeza mazingira ambayo mkataba wa muda maalumu unaruhusiwa, yakiwemo ongezeko la muda la kazi na kazi za msimu. Mapokezi hayana msimu.

4. Kazi kwa nywila ya mtu mwingine

Mtu wa muda anafika Jumatatu. Ombi la kumfungulia akaunti kwenye mfumo lilipaswa kutumwa TEHAMA wiki moja kabla, halikutumwa. Kazi haisubiri, kwa hiyo msimamizi anamwambia, "Tumia ya kwangu kwanza." Hiyo "kwanza" hukaa hadi mkataba unaisha. Mfumo unarekodi kwamba malipo yaliingizwa na msimamizi, wakati huo huo msimamizi alikuwa kwenye kikao. Wakaguzi wakija na ankara iliyolipwa mara mbili ikaonekana, kila mtu anakumbuka ghafla kwamba kulikuwa na "mtu wa wakala" pale, naye hana rekodi yoyote ya kuonyesha alichokifanya na ambacho hakukifanya.

Hili ni hatari kwenu kuliko kwetu. Wengi wetu tunashika taarifa za watu: namba za NIDA kwenye kitabu cha wageni, fomu za matibabu, mafaili ya waajiriwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Nywila moja inayotumiwa na watu watano hailindi kitu.

Kinachotakiwa siku ya kwanza ni kidogo mno: akaunti yenye jina la mtu mwenyewe na tarehe ya kufungwa inayolingana na mwisho wa mkataba, kadi ya mlango, na karatasi moja ya makabidhiano inayosema nani anasaini nini, muhuri uko kwa nani, simu za ndani ni zipi, mafaili yamepangwa kwa tarehe au kwa jina, na kazi gani imeachwa nusu. Karatasi hiyo ikikosekana, wiki ya kwanza yote huishia kuuliza watu waliochoka kuulizwa. (Tutajua kwamba Mkurugenzi hanywi chai yenye sukari kabla ya kujua faili la mikataba liko kabati gani.)

5. Saa za ziada zinazolipwa kwa kukisia

Mwisho wa mwezi na kipindi cha ukaguzi tunabaki hadi saa 2 usiku, kisha tunapewa 5,000 "ya nauli". Hesabu ya sheria ni hii: mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki. Kwa 400,000 na saa 45, saa moja ni takribani 2,051. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani 3,077. Saa tatu ni 9,231. Ile 5,000 haifiki hata saa mbili, na wala haikuwa nauli. Baada ya saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 kwa wiki nne, na siku nzima ya kazi haizidi saa 12. Karatasi nyingi za mahudhurio hazina hata safu ya kuandika saa ya kutoka.

6. Makato ya upotevu

Fedha ndogo ndogo zikipungua kwenye boksi, anakatwa wa muda, kimya kimya, mshahara ujao. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka aandikiwe sababu, kiasi na namna kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

7. Cheti cha utumishi

Kifungu cha 44 kinampa kila anayemaliza ajira cheti cha utumishi. Wakala hutoa barua isiyotaja alifanya kazi gani, kampuni inakataa kuandika kwa sababu "hakuwa wetu". Matokeo yake, mtu mwenye uzoefu wa miaka anakwenda kwenye usaili kama aliyetoka chuo jana.

Waheshimiwa, majibu yenu tunayajua, tumeyasikia sana.

Mtasema bajeti ya waajiriwa imefungwa na makao makuu. Sawa, lakini fedha za wakala zinatoka kwenye kampuni hiyo hiyo kwa jina la huduma, na kwa kila kichwa mnalipa mshahara pamoja na ada juu yake. Kwa meza inayohitaji mtu mwaka mzima, hesabu hiyo haina nafuu.

Mtasema tulisaini wenyewe. Tulisaini, wengine tukiwa tumesimama kaunta, karatasi ya mwisho ikiwa imefunguliwa na kidole cha ofisa kikiwa mahali pa saini, nakala tukaahidiwa wiki ijayo. Kifungu cha 15 kinataka maelezo ya ajira yatolewe kwa maandishi, na mwajiri akishindwa kuyatoa shaurini, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Mtasema nje wapo wengi wanaoitaka nafasi hiyo. Ni kweli, na kila anayekuja mnamfundisha upya kwa wiki mbili.

Mtasema twende CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Shauri la kuachishwa kazi linafunguliwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Mtu anayeambiwa "subiri ankara" siku 45, kisha "wakala analishughulikia" siku 20 nyingine, tayari amechelewa kwa yote mawili. Ndiyo maana kuanzia sasa tunashauriana kuhesabu siku tangu siku ya kwanza ya tatizo, si tangu siku ya kujibiwa.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Karatasi moja ya pande tatu kwa kila mkataba, kampuni, wakala na mfanyakazi, ikitaja siku ya malipo, anayelipa, mshahara wa msingi, likizo, saa za kazi, na jina la mtu mmoja wa kupokea malalamiko. Nakala itolewe siku ya kusaini.

(b) Ankara ya mishahara itenganishwe na ya ada, na zabuni isipokelewe bila mchanganuo wa bei kama ule wa hoja ya 2, na uthibitisho kwamba wakala ana mtaji wa kulipa mishahara ya miezi miwili bila kusubiri mteja.

(c) Kabla ya kulipa ankara ya mwezi, kampuni idai uthibitisho wa NSSF wa mwezi uliotangulia, wenye majina.

(d) Mapengo ya wiki mbili yakome. Wakala akibadilishwa na mtu akabaki meza ile ile, wakala mpya atambue kwa maandishi utumishi wake wa nyuma.

(e) Nafasi iliyoshikwa na watu wa muda miezi 12 mfululizo itangazwe, na aliyepo aruhusiwe kuomba.

(f) Hakuna kuingia kwenye mfumo kwa jina la mwingine, na atakayeamuru hivyo awe ndiye anayewajibika.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, kutoka kila upande kwa nafasi yake. Yakikosekana, barua hii pamoja na nakala za hati za mshahara na taarifa za michango tulizokusanya zitakabidhiwa kwa ofisa kazi, kampuni kwa kampuni, wakala kwa wakala.

Majina hatukuyaweka. Mikataba ya wengi wetu inaisha Ijumaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Makarani, wapokezi na waingiza data wa muda,
Dar es Salaam